Swali la Mwanafunzi na Deni Letu



Bila shaka umepata kuhudhuria mashindano ya kuhifadhi Qur'ani katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mtoto wa miaka tisa anapanda jukwaani, kofia imemzidi kichwa, anaulizwa mahali pa katikati ya sura, naye anaendelea pasipo kukosea hata herufi moja. Wazee wanafuta machozi. Akina mama wanapiga takbiri. Matajiri wanaahidi zawadi papo hapo, huyu baiskeli, yule cherehani, na mwingine safari ya Makka kwa mtoto na mzazi wake. Huko Dar es Salaam mashindano haya yamepata kuujaza hata uwanja mkubwa wa mpira, na wasomaji wametoka nchi za mbali. Alhamdulillahi, ni jambo la kujivunia.

Sasa nakuuliza, nawe ujijibu mwenyewe kimya kimya: je, umepata hata mara moja kuhudhuria maonyesho ya sayansi ya wanafunzi? Mwanao au mpwao alipokuja nyumbani akasema shuleni kutakuwa na siku ya sayansi na wazazi wamealikwa, ulikwenda? Mimi hufundisha fizikia na kemia katika mji mmoja wa pwani, na kila mwaka napanga viti vya wazazi. Mwaka jana nilipanga viti 80. Walikuja wazazi 11, na mmoja wao alikuwa amekuja kulipa mchango wa chakula, akapotea njia ya ofisini.

Silisemi hili kwa ajili ya kulaumu. Nalisema kwa sababu umma huu wetu unajua vizuri sana namna ya kuipandisha hima ya mtoto. Tunajua kwamba mtoto akitazamwa hujitahidi, na kwamba zawadi ndogo mbele za watu humwamsha yeye na wenzake mia waliokaa wakitazama. Tumekuwa tukifanya hivyo misikitini na vyuoni kwetu tangu zama za mababu. Lililobaki ni kuutumia ujuzi huo huo kwa elimu hii nyingine, ambayo nayo imo katika ishara za Mwenyezi Mungu alizotuamrisha kuzitazama mbinguni na ardhini.

Nataka nikupe kisa kimoja cha nchini mwetu, maana wengi wa vijana wetu hawakijui, ilhali wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanakisoma.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwako mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba. (Mpemba ni jina lake tu, ndugu zangu wa Pemba wasije wakamdai.) Wanafunzi wale walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza katika jokofu. Siku moja Mpemba aliona nafasi katika jokofu inakwisha, akaogopa kukosa, akayaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake aliingiza maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi kutazama, wakakuta ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake sababu. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini swali halikunyamaza. Baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kuwa huitia ya moto makusudi kwa kuwa huganda upesi. Basi alipofika shule ya juu ya Mkwawa, Iringa, na darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimcheka kwa maneno hayo hayo, kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia, kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama na swali lake lile lile: vyombo viwili vya maji ya ujazo sawa, kimoja cha joto la nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, vikitiwa pamoja katika jokofu, kwa nini cha moto kigande kwanza? Wenzake walicheka, na baadaye wakamwambia kuwa amewaaibisha mbele ya mgeni. Mgeni naye alitabasamu, lakini alimwuliza jambo moja ambalo hakuna aliyemwuliza kabla yake. Je, umelijaribu wewe mwenyewe? Akasema ndiyo. Osborne akaahidi kwamba atakaporudi atalijaribu.

Akarudi, akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akamletea habari kwamba ya moto yameganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Nisomapo mahali hapa hucheka kila mara, kisha huona haya, kwa kuwa fundi yule ni sisi sote. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo jambo hilo laitwa kwa jina la kijana yule duniani kote. Wataalamu hawajamaliza kubishana juu yake. Mwaka 2016 wenzao wa Uingereza waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji hufanya hivyo, na mwaka 2020 wawili wa Canada wakaonyesha jambo linalofanana nalo katika chembe ndogo sana zilizozamishwa majini. Mpemba mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori, akaifanya hiyo kuwa kazi yake.

Msomaji wangu, tafakari hapo. Kijana huyu alipata bahati. Mgeni alikuja, na mgeni yule akawa mtu asiyedharau swali. Ni wangapi waliocheka pamoja na darasa, wakakaa chini, wasisimame tena? Maonyesho ya sayansi, ndugu yangu, maana yake hasa ni kumletea kila mtoto mgeni wake. Ni kuweka siku, meza na mtu mzima anayesimama mbele ya mtoto na kumwuliza: umelijaribu wewe mwenyewe? Nionyeshe ulivyopima.

Na hilo si jambo geni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Cairo yapata miaka elfu moja iliyopita, hakuridhika na maneno ya Wayunani kwamba jicho ndilo linalotoa nuru. Alijifungia katika chumba cha giza chenye tundu dogo, akatazama nuru ikiingia kutoka nje, akapima, akarudia. Aliwausia wanaotafuta haki wasiyaamini maandishi ya wakubwa kwa kuwa tu ni ya wakubwa, bali wayapime, na wajishuku hata wao wenyewe. Huyu ndiye babu yetu. Leo mtoto wetu akiushuku mstari mmoja wa kitabu cha shule tunamwambia hana adabu.

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2012, yako maonyesho ya kitaifa ya Wanasayansi Chipukizi, yaliyoanzishwa na Dk. Gosbert Kamugisha pamoja na Joseph Clowry wa Ireland, kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ireland yaliyoanza Dublin mwaka 1965. Wanafunzi huchagua tatizo la mahali pao, hulichunguza kwa miezi pamoja na mwalimu wao, kisha walio bora huitwa Dar es Salaam kusimama mbele ya waamuzi. Wakfu wa Karimjee Jivanjee, ambao ni wa familia ya Kiislamu iliyoanzia biashara yake Zanzibar, umekuwa ukiwafadhili washindi kusoma chuo kikuu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Huko Kenya maonyesho ya shule yana umri mkubwa zaidi, na mwaka 2019 shule moja ya kijijini karibu na Njoro, yenye kompyuta moja tu, ilipata kupeleka wanafunzi wake katika maonyesho ya kimataifa huko Arizona, Marekani. Mwalimu wao, Peter Tabichi, alipewa mjini Dubai mwaka huo huo tuzo ya ualimu ya dunia ya dola milioni 1. Yeye ni mtawa wa Kikristo, nasi haki ya mtu tumpe: sehemu kubwa ya mshahara wake alikuwa akiwagawia maskini.

Sasa nikueleze ya hapa kwetu. Miaka michache iliyopita walikuja kwangu wasichana wawili wa kidato cha tatu, mmoja mwongeaji, mwingine kimya kabisa. Yule wa kimya alikuwa na swali. Kisima cha msikiti wao, karibu na bahari, maji yake siku nyingine hutiwa udhu vizuri tu, na siku nyingine huuma macho kwa chumvi. Bibi yake alikuwa akisema ni bahari inavuta. Msichana alitaka kujua inavuta lini, na kwa kiasi gani.

Hatukuwa na chombo cha kupimia chumvi. Wakaamua kuchukua lita moja ya maji kila siku kutoka visima vitano, kuchemsha mpaka yakauke, kisha kupima chumvi iliyobaki chini ya sufuria. Mizani ya maabara yetu ilikuwa imeharibika, hivyo wakaenda kwa sonara wa mtaani, mzee wa Kihindi, wakamwomba awapimie kwa mizani yake ya dhahabu. Mzee alishangaa, kisha akapendezwa, mwishowe akawa anawangoja mlangoni kila jioni. Kwa siku 30 walipima, bamvua mbili na maji mafu mawili. Walichemsha hata maji ya bahari yenyewe, wapate kulinganisha. Na maji ya bahari, kama ulikuwa hujui, huacha chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Wakachora mistari yao kwenye karatasi ya manila, na kila mtu akaona kwa macho yake: visima viwili vya karibu na pwani chumvi ilipanda na kushuka kwa kufuata bamvua, siku moja au mbili nyuma yake, na kisima cha msikiti kilizidi vyote kwa kuwa hapo ndipo pampu ilipokuwa ikivuta maji mengi mno. Bibi alisema kweli. Na wajukuu wakajua ni kiasi gani.

Walishinda katika wilaya. Zawadi ilikuwa kikombe cha bati na daftari. Lakini jambo kubwa lilitokea msikitini: imamu alitangaza kwamba pampu ipumzishwe siku za bamvua, na maji ya udhu yajazwe tangini kabla. Watu wakauliza nani kagundua. Yule msichana wa kimya, nimeambiwa, alikuwa upande wa wanawake akasikia jina la baba yake likitajwa.

Ningependa kisa kiishie hapo. Msichana huyu alifaulu kidato cha nne vizuri, akachaguliwa kwenda kidato cha tano katika mkoa wa mbali, masomo ya fizikia, kemia na biolojia. Ada ya serikali hakuna tena kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, na hilo ni jema. Lakini mwenye mtoto anajua: nauli, godoro, sanduku, sare, madaftari na michango ya hapa na pale. Baba yake ni mvuvi wa nyavu za kukodi. Nilikwenda kwa kamati moja, siitaji, iliyokuwa wakati huo ikichangisha fedha za mazulia mapya. Walinipokea kwa adabu, wakaninywesha kahawa, wakaniambia kwamba fedha za nyumba ya Mungu haziwezi kutumika kwa mambo ya dunia. Mazulia ya zamani, kwa macho yangu, hayakuwa na tundu.

Nao wana haki kwa upande mmoja: fedha iliyochangwa kwa nia moja haitolewi kwa nia nyingine, hiyo ni sheria ya wakfu. Swali langu ni hili: kwa nini hatuuweki wakfu kwa nia hii ya pili? Waliotutangulia waliuweka. Madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, iliwapa wanafunzi posho. Al-Azhar kulikuwa na riwaki kwa wanafunzi wa kila nchi, hata wa pembe hii yetu ya Afrika, wakila mkate wa mali ya wakfu. Mtu aliacha shamba au duka, faida yake ikamsomesha mgeni asiyemjua jina. Na kabla ya yote hayo, twasimuliwa katika sira kuwa mateka wa Badri waliojua kuandika, wasiokuwa na mali ya kujikomboa, walipewa uhuru kwa kuwafundisha kuandika watoto kumi wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliihesabu elimu hiyo kuwa fidia kamili, ingawa waalimu wenyewe walikuwa bado makafiri na somo halikuwa la fiqhi.

Msichana alikwenda shule. Sonara alitoa nauli, walimu wenzangu godoro na sanduku, na bibi akauza mbuzi. Lakini huu si mpango, ni bahati, na mwaka unaofuata walikuwapo wengine wawili ambao bahati yao haikutosha. Mmoja anauza vocha za simu stendi ya mabasi. Akiniona huniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami namwitikia, kisha sote twatazama pembeni.

Wako watakaosema: sayansi itawatoa watoto wetu katika dini. Sijaliona hilo. Nimewaona watoto waliotolewa na uvivu, na mihadarati, na kukosa mtu wa kuwauliza habari. Anayehesabu nyakati za sala na kuelekeza kibla anatumia hesabu zile zile tunazozifundisha. Wengine husema ushindani huleta riya na majivuno. Hapo nawasikiliza zaidi, maana kweli nimeona maonyesho ambapo mzazi mwenye uwezo amemlipa fundi atengeneze chombo cha kupendeza, mtoto kakariri maelezo tu, na mwamuzi asiye mwangalifu akampa kikombe. Dawa yake ni kuuliza. Mtoto aliyepima mwenyewe utamjua kwa makosa anayoyataja kabla hujamwuliza. Wala mimi sipendi vikombe vikubwa. Mpe mshindi kipimajoto, mizani, lenzi, kitabu. Na aliyeshindwa mpe barua yenye jina lake, ieleze kazi yake ilikuwa na uzuri gani. Na niya tuwafundishe tangu mwanzo, kama tunavyowafundisha wasomaji wa Qur'ani, ambao nao hushindania zawadi wala hatujawafungia mashindano.

Kuhusu mabinti, naona nilitaje jina moja. Maryam Mirzakhani alisoma katika shule ya wasichana mjini Tehran. Yeye na rafiki yake walipopata maswali ya mashindano ya kitaifa wakaona wanaweza kuyajibu, walimwendea mkuu wa shule yao kudai wafundishwe kutatua maswali magumu kama wavulana walivyofundishwa katika shule yao. Wakati huo Iran ilikuwa haijapata kumpeleka msichana katika mashindano ya kimataifa ya hisabati. Mama yule mkuu wa shule hakuwaambia kwamba haijawahi kutokea, aliwatafutia mwalimu. Mwaka 1994 wote wawili walikuwa katika timu ya taifa huko Hong Kong, na Maryam alirudi na medali ya dhahabu. Mwaka 1995 huko Toronto akapata alama zote, 42 kati ya 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Medali ya Fields, ambayo kwa watu wa hisabati hakuna iliyo juu yake. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, umri wake miaka 40. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Fedha za chuo kikuu nazo zina njia siku hizi, nawe mzazi zijue. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 serikali yetu ina ufadhili kwa wanaofanya vizuri kabisa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, nao ni ufadhili, si mkopo. Waliokuwa wakiihofia mikopo ya elimu ya juu kwa ajili ya nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka, nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Lakini mlango huu uko juu, mwisho wa ngazi. Anayeanguka huanguka chini, kwenye godoro na nauli, na huko chini ndiko sisi tuliko.

Basi kama una nafasi Jumamosi moja kwa mwaka, njoo uwe mwamuzi. Hauhitaji kuwa mtaalamu. Fundi bomba, muuguzi, nahodha na mkulima wa mwani wanauliza maswali mazuri kuliko baadhi yetu wenye vyeti. Mwaka huu wanafunzi wangu wameniletea orodha. Mmoja anataka kujua kwa nini dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawaozi upesi kama wale wa mchangani. Mwingine anataka kupima iwapo bati lililopakwa chokaa hupunguza joto darasani, na kwa nyuzi ngapi. Wa tatu anauliza kama maji ya moto kweli huganda kwanza, maana nilimsimulia kisa cha Mpemba naye hakukiamini. Chanja na chokaa tunavyo. Vipimajoto vimebaki viwili, na jokofu la shule halifanyi kazi tangu masika.